Uzoefu wangu na Freedom Cry: Adéwalé, panga na mashamba ya miwa

Nimeimaliza juzi usiku, jana nikaianza upya tangu mwanzo, na hiyo si kawaida yangu kabisa, mimi gemu nikishamaliza nafuta ili nipate nafasi ya nyingine. Hii nimeshindwa kuifuta. Kwa hiyo ngoja niandike ikiwa bado ya moto.

Naongelea Assassin's Creed Freedom Cry. Ni ya zamani, ilitoka Desemba 2013 kama nyongeza ya Black Flag, gemu la maharamia la mfululizo huohuo wa Assassin's Creed, alafu Februari 2014 wakaitoa ijitegemee yenyewe, yaani huhitaji kuwa na Black Flag ndo uicheze, na 2019 ikaingia Switch, mashine ya gemu ya Nintendo, kwenye mkusanyiko mmoja na Black Flag na Rogue, gemu jingine la mfululizo huo. Stori ni fupi, ukikimbiza stori tu masaa manne matano umemaliza. Mimi ilinichukua karibu mara tatu ya hapo kwa sababu nilikuwa siwezi kupita mtaani nikamuacha mtu anapigwa nikaendelea na safari yangu.

Kama ulicheza Black Flag, Adéwalé unamjua, yule msaidizi wa Edward Kenway kwenye meli ya Jackdaw, maneno machache, kichwa kimetulia kuliko cha nahodha wake. Alizaliwa utumwani Trinidad kwenye shamba la miwa, akatoka huko na maharamia. Hapa tunamkuta 1735, miaka imepita, yeye mwenyewe sasa ni nahodha na ni Assassin kamili, yaani mmoja wa udugu wa siri unaopigania uhuru wa watu. Gemu linaanza anazikimbiza meli za Templar, maadui wa udugu huo, anawanyang'anya kifurushi, dhoruba inawakuta, meli yake Victoire inapotea na yeye anatupwa ufukweni Saint-Domingue, koloni la Wafaransa, ndo Haiti ya leo. Hana meli, hana mabaharia, ana kifurushi tu cha kumfikishia mwanamke anaitwa Bastienne Josèphe. Hicho ndicho alichotumwa.

Na hilo neno kutumwa nimelichagua. Ukilisikiliza vizuri neno mtumwa ndani yake kuna kutumwa tu, mtu ambaye miguu ni yake lakini safari ni ya mwingine. Sasa muangalie Adéwalé, alitumwa na bwana shamba, akaja kumfanyia kazi nahodha, sasa anatumwa na udugu wa Assassin, kwa hiari yake sawa, kwa jambo jema sawa, lakini maisha yake yote kuna mtu mwingine anayejua kwa nini yeye yuko hapo alipo. Saint-Domingue hakuna aliyemtuma aguse mnyororo wa mtu yeyote. Angeweza kukabidhi kifurushi, akatafuta meli, akaondoka. Anabaki. Kwangu mimi stori yote iko hapo kwenye kubaki, mapanga na mizinga ni vya baadaye.

Sasa twende mashambani maana hapo ndo gemu lilinishika.

Shamba la kwanza niliingia kama ninavyoingia kambi yoyote kwenye hizi gemu, najificha kidogo nikichoka natoka napigana, nikionekana basi nitawamaliza tu, panga la Adéwalé ni zito na akilishika unahisi uzito wake, ana na ile bunduki ya mdomo mpana inayosafisha njia nzima kwa risasi moja. Nyapara mmoja akaniona. Nikasema poa, nachomoa panga. Lakini manyapara hawakunifuata wote, wengine waligeukia watu waliokuwa wanakata miwa, wakaanza kuwaua. Niliganda kabisa. Nilikuwa nimewashika wawili mbele yangu nawakata na nyuma yangu nasikia watu wanalia, nikageuka nimechelewa, nikakimbilia upande mwingine nako nimechelewa. Shamba lilipokuwa kimya nilikuwa nimeshinda. Askari wote wamelala chini, na wale niliokuja kuwatoa zaidi ya nusu nao wamelala chini.

Sikucheza tena siku ile.

Niliporudi nilicheza tofauti kabisa. Unalala ndani ya miwa, ni mirefu inakuficha, na unasubiri. Nyapara yuko hatua tano anamchapa mtu, mjeledi unausikia kwenye spika, unajua ukitoka sasa hivi huyo mmoja utamuokoa lakini yule aliye kule kwenye kengele atakuona na wengine kumi watakufa. Kwa hiyo unasubiri ageuke. Mkono uko kwenye kitufe, mwili mzima unataka kutoka na hutoki. Sijawahi kucheza gemu ambalo kukaa kimya kunauma hivi. Na nikaelewa kitu kuhusu Adéwalé ambacho mazungumzo yote ya stori hayakuwa yamenipa, kwamba huyu mtu mzima mwenye mabega kama mlango amekaa ndani ya miwa ileile aliyoikata utotoni, anasikiliza sauti ileile, na safari hii ana panga mkononi na bado inabidi avumilie. Zamani alivumilia kwa sababu hana nguvu. Sasa anavumilia kwa sababu anayo, na akiitumia vibaya watalipa wengine.

Hicho ndo wanachogombania na Bastienne muda wote. Bastienne ana danguro, wakubwa wa koloni wanapita kwake, na chini kwa chini anawasaidia watoro. Ameishi pale, anajua kila askari anayeuawa usiku kesho kuna mtu shambani atalipia. Upande mwingine yuko Augustin Dieufort kiongozi wa watoro, yeye anataka moto uwake leo. Adéwalé moyo wake uko kwa Augustin na kichwa chake kila siku kinarudishwa na Bastienne. Nilipenda kwamba hawakumfanya huyu mama kuwa muoga. Kila anapomkatalia Adéwalé nilikuwa namuona ana haki, na kila Adéwalé anapoenda hata hivyo nilikuwa naenda naye.

(Watoro ndo hao gemu linawaita Maroon, watumwa waliokimbilia milimani na misituni wakajenga maisha yao huko. Siku hizi neno letu tunalitumia kwa mwanafunzi aliyeruka darasa, lakini zamani maana yake ilikuwa hiihii, mtumwa aliyetoroka. Nilifurahi kwamba sikuhitaji kutafuta neno.)

Gavana wa hapo, Pierre de Fayet, si wa kutunga, ni mtu wa historia, kweli alitawala Saint-Domingue miaka hiyo ya 1730. Kwenye gemu anaongea kwa upole na ustaarabu wake wote, na hoja yake ni kwamba ukali unasababishwa na ukaidi wa watumwa wenyewe. Nilienda kusoma kuhusu Code Noir, sheria aliyoitoa Louis XIV mwaka 1685 kwa ajili ya makoloni, na nikaona gavana wa gemu wala hajaongezwa chumvi. Mtoro aliyekaa nje mwezi mmoja anakatwa masikio na kupigwa chapa ya ua la yungiyungi begani. Akirudia anakatwa mshipa wa nyuma ya goti na chapa bega la pili. Mara ya tatu anauawa. Imeandikwa kwa vifungu, na namba, na muhuri wa mfalme. Baada ya kusoma hiyo kila nilipomuona mtu kwenye gemu anakimbia mtaani askari wanamfukuza nilikuwa najua ni mara yake ya ngapi inahesabiwa.

Na hapo kwenye kuhesabu ndo ugomvi wangu na watengenezaji unaanza, na nausema kwa sababu gemu hili nalipenda.

Kila mtu unayemkomboa ni namba. Mtaani kuna mambo mengi, kuna anayekimbizwa, anayepigwa, waliofungiwa kwenye vizimba inabidi umuibie mlinzi ufunguo, kuna mnada sokoni ambapo unaweza kuvamia au kutoa pesa ukawanunua ukawaachia. Ukimaliza namba inapanda. Namba ikifika kiwango fulani unafunguliwa panga bora zaidi, mfuko mkubwa zaidi wa risasi, vitu kama hivyo. Siku ya kwanza niliona ni sawa, namba ni watu waliotoka. Siku ya pili nikajikuta nimesimama juu ya paa naangalia ramani natafuta wapi kuna watu wengi wa pamoja ili nifikie lile panga haraka, na kulikuwa na mama mmoja anapigwa hapo chini nikamuona ni mmoja tu nikampita. Nilirudi kumchukua lakini nilishampita. Nilijisikia vibaya sana, maana ndivyo mwenye shamba anavyohesabu, hawa kumi, huyu mmoja hana faida. Gemu linalotaka nichukie ile biashara halikutakiwa kuniweka nihesabu kama mfanyabiashara. Wangenipa panga kwa njia nyingine yoyote. Wangewapa hata majina. Wote unaowatoa hawana majina, wanakushukuru kwa sentensi zilezile chache na kukimbia, baadhi wanajiunga na watoro na baadaye wanakusaidia kwenye mapigano, hilo zuri, lakini ningependa nimjue hata mmoja.

Kitu kingine watu wanakilalamikia sana ni kwamba watu wa kuokoa hawamaliziki. Unasafisha mtaa, unazunguka, ukirudi tena yuko mtu mwingine anapigwa palepale pembeni ya kisima kilekile. Mwanzo na mimi nilikasirika nikaona ni uvivu. Sasa hivi sina uhakika kama nataka kirekebishwe. Ukisoma historia ya Saint-Domingue kilichokuwa kinatokea ni hichohicho, kazi ya miwa ilikuwa inaua watu haraka mno kuliko wanavyozaliwa, kwa hiyo wenye mashamba walikuwa wanaagiza wengine kutoka Afrika, meli juu ya meli, na bado kufikia 1789 kulikuwa na watumwa karibu laki tano kwenye kile kipande cha kisiwa, wengi wao wamezaliwa Afrika. Kwa hiyo unapookoa watatu na kesho wakawepo watatu wengine, hao wametoka kwenye meli. Na ukishaliona hilo ndo unaelewa kwa nini Adéwalé lazima arudi baharini, mtaani atazunguka mpaka afe.

Meli anayoipata inaitwa Experto Crede, na baharini kuna misafara ya meli za watumwa zinazosindikizwa na meli za kivita. Hapa nako wamefikiria vizuri. Kwenye Black Flag nilikuwa nazoea kurusha mizinga yote kwa wakati mmoja na kushangilia mbao zikiruka. Hapa ile meli ya katikati ukiigusa kwa mzinga walio chini ndo wanakufa. Kwa hiyo unazunguka kwa upana, unazivuta zile za walinzi zije kwako mbali, unapiga kwa kuchagua, na mara nyingi unakula mizinga wewe badala ya kurudisha kwa sababu nyuma ya adui yupo nani unajua. Nilizamishwa mara mbili kwa namna hiyo. Sikujutia.

Misheni za kufuatana na watu kimyakimya na kusikiliza wanachoongea ni nyingi mno kwa gemu fupi kama hili, zinachosha, unatembea nyuma ya mtu dakika nzima kwenye nyasi na ukisogea sana au ukibaki nyuma unarudia. Kupanda kuta mara nyingine Adéwalé anaruka usipomuelekeza. Hayo basi.

Sauti ni jambo jingine. Adéwalé ameigizwa na Tristan D. Lalla na sauti yake ni nzito, ya mtu ambaye alijifunza kutosema. Muziki ni wa Olivier Derivière na alifanya kazi na La Troupe Makandal, kundi linalopiga ngoma za Kihaiti, kwa hiyo unaposikia ngoma unapigana si ngoma za kubandika tu, zina watu ndani yake. Na mitaani watu wanachanganya Kifaransa na Krioli. Mara ya pili nilizima kabisa sauti ya maelekezo nikawa natembea tu sokoni nasikiliza.

Wenye jicho la historia wataona mji wenyewe unaotembea kwenye gemu, Port-au-Prince, umewahi kabla ya wakati wake, ulianzishwa rasmi 1749 na gemu liko 1735. Mimi haikunisumbua. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba wamemuingiza Louis Godin na ule msafara wa wanasayansi wa Ufaransa ambao kweli ulipita Saint-Domingue mwaka huo 1735 ukielekea Quito, wanaenda kupima umbo la dunia karibu na ikweta. Mtu msomi, mpole, mawazo yake yako kwenye nyota na nyuzi za latitudo, na anakaribishwa na gavana kwenye nyumba iliyojengwa kwa sukari. Gavana naye anaangalia hizo hesabu za ubaharia anaona njia fupi ya kuleta watumwa. Adéwalé inabidi amlinde huyu msomi. Yale maongezi yao nilitamani yawe marefu zaidi, maana hapo kuna watu wawili wanaopenda bahari, mmoja anaipima na mwingine anajua kilichoko chini ya sitaha.

Jina Adéwalé ni la Kiyoruba, maana yake taji limerudi nyumbani. Amezaliwa Trinidad, na nyumbani hapajui. Hakuna mahali gemu linakufafanulia hilo nililokutana nalo, nimelifahamu pembeni, na baada ya kulijua kila mtu alipokuwa anamuita Adé nilisikia taji na sikusikia nyumbani.

Kama unatafuta gemu la kufurahi jioni baada ya kazi, hili subiri kwanza. Kama una mdogo wako anataka kujua utumwa wa miwa ulikuwaje, kaeni pamoja, mchezee mashamba taratibu, na muelezee kuhusu Agosti 1791 watu walipoamka kweli na Januari 1, 1804 Haiti ilipokuwa huru, kwa sababu gemu linaishia 1737 na mtu anaweza kuzima akidhani haikuwezekana. Adéwalé hataiona siku hiyo. Hata Bastienne hataiona. Hiyo pia ilinikaa.

Sasa niseme kilichonifanya nianze upya, na kama hujacheza na hutaki kujua ishia hapa.

Kuna sehemu unafuatilia meli ya watumwa na meli ya kivita ya Wafaransa inaona imeshindwa, basi inaigeuzia mizinga meli yao wenyewe, meli imejaa watu. Inaanza kuzama. Adéwalé anaingia ndani. Chini kule ni giza, maji yanapanda, watu wamefungwa safu kwa safu pande zote mbili, wananyoosha mikono, na wewe unasukuma mbao kupita, unawafungua wachache na maji yamefika kifuani. Wengi hufiki. Gemu halikupi njia ya kufika. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea mahali, nimechelewa, kama lile shamba la kwanza. Ndo nikarudi mwanzo kabisa, nikapita tena ufukweni, mashambani, sokoni, safari hii nimewatoa wengi na nimevumilia pale pa kuvumilia, mpaka nikafika tena kwenye ile meli. Nilienda mbio. Sikugonga ubao hata mmoja. Maji yalipanda kwa wakati uleule, na wale wa safu ya mbele upande wa kushoto walikuwa wamenyoosha mikono vilevile.